Tuisheni, chakula cha mchana au kundi la kusoma: mchango wa mzazi uende wapi kwanza?

Kikao cha wazazi cha kila Januari katika shule yetu ya msingi huwa na maombi matatu yanayogombania mfuko mmoja. Walimu wa darasa la saba huomba wanafunzi wao wabaki jioni kwa masomo ya ziada, yaani tuisheni. Akina mama wa vitongoji vya mbali huomba watoto wapate chakula cha mchana. Na kila mwaka husimama mzazi mmoja kule nyuma akasema mwanawe yuko darasa la nne na hajui kusoma. Akishakaa chini, katibu husoma ajenda inayofuata.

Mimi ni mama wa watoto watatu na nimekuwa mjumbe wa kamati ya shule kwa miaka sita, katika kata moja ya Mkoa wa Morogoro. Mgawanyo wa mfuko huo nimeupigia kura zaidi ya mara moja, na kuna miaka nilipiga kura pasipostahili. Hapa nayaweka maombi hayo matatu bega kwa bega, la tatu nikilijibu kwa kundi la kusoma, yaani watoto waliokwama wafundishwe pamoja kwa kiwango chao cha kusoma, nikichanganya niliyoyaona kwetu na yale ambayo watafiti wameyapima Kenya, India na hapa Tanzania, ili mzazi au mjumbe mwenzangu mwenye uamuzi wa kufanya asianze gizani. Nitangulize upande nilioko: kwa shule nyingi za vijijini, tuisheni ndiyo inayochaguliwa ya kwanza, nami naamini inastahili kuwa ya tatu.

Mfuko wenyewe

Tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, shule za serikali hazitozi ada wala michango ya lazima. Serikali hulipa mishahara ya walimu na hutoa ruzuku ya uendeshaji ya Sh 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu ya fedha hizo ni ya vitabu. Mzazi amebaki na sare, madaftari, kalamu, matibabu na chakula cha mtoto wa kutwa. Mchango mwingine wowote ni wa makubaliano, na mtoto hafukuzwi kwa sababu mzazi wake hajatoa.

Sasa iweke bei ya tuisheni kando ya ruzuku hiyo. Kwetu ni Sh 500 kwa siku. Mwezi wenye siku 20 za masomo ni Sh 10,000. Mzazi anayemlipia mtoto mmoja tuisheni ya mwezi mmoja ametoa fedha sawa na zile ambazo serikali huipa shule kwa ajili ya mtoto huyo kwa mwaka mzima. Hesabu hii niliipiga ubaoni kwenye kikao, na ukumbi ulinyamaza. Wengi wetu tulikuwa tukisema hatuna uwezo wa kuchangia shule, kumbe tunachangia kila siku, sarafu kwa sarafu, bila kuuliza inakokwenda.

Kwa bei za kwetu za msimu uliopita, ulinganisho ulikuwa hivi:

| | Gharama kwa mtoto mmoja kwa mwaka | Anayefaidika zaidi | Anayeachwa nje |
|---|---|---|---|
| Tuisheni ya jioni | Karibu Sh 97,000 akihudhuria siku zote 194 za masomo | Anayejua kusoma tayari na anakaribia mtihani | Asiyelipiwa, anayeishi mbali, na asiyejua kusoma hata akilipiwa |
| Chakula cha mchana | Karibu Sh 39,000, sehemu kubwa ikiwa mahindi na maharage | Anayetoka mbali, na anayeondoka nyumbani bila kula | Hakuna, kamati ikiamua wote wale |
| Kundi la kusoma | Karibu Sh 12,000 kwa awamu mbili za miezi mitatu | Wa darasa la tatu hadi la sita ambaye bado hawezi kusoma aya | Anayesoma vizuri tayari |

Bei za kwenu zitatofautiana. Huenda kwenu tuisheni ni Sh 200, au maharage yamepanda. Ziandikeni upya, lakini safu mbili za mwisho msiziruke, kwa maana ndizo zinazoamua.

Karatasi moja kabla ya kura

Mwaka wa kwanza nilipochagua vibaya ni kwa sababu hatukujua ugonjwa wa shule yetu. Tuliona matokeo ya darasa la saba yameshuka, tukasema dawa ni kuongeza vipindi. Hakuna aliyemwita mtoto mmoja akamwambia, "Nisomee hapa."

Tangu 2010 watu wa Uwezo, mpango wa kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto, wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakiwapa watoto majaribio mafupi ya kiwango cha darasa la pili, na wamekuta wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Kinachonivutia ni urahisi wa kipimo chenyewe: silabi, maneno, aya, hadithi. Basi nasi tuliandika karatasi yetu. Silabi kumi, maneno kumi, aya ya sentensi nne kuhusu mbuzi aliyeingia shambani, na kahadithi kafupi kenye maswali mawili chini. Jumamosi moja tuliwaita watoto wa darasa la tatu hadi la sita, mmoja mmoja, chini ya mwembe, wenzao wakiwa mbali wasimsikie anayekwama. Kila mtoto alichukua dakika mbili hadi tatu.

Jioni ile tulikuwa na mafungu matatu ya majina. Kulikuwa na watoto waliosoma hadithi wakajibu maswali bila shida. Wengine walisoma, lakini daftari la mahudhurio lilionyesha wanakosa siku mbili tatu kila wiki, au mwalimu alisema baada ya saa sita wanalala darasani. Na fungu la tatu, ambalo lilikuwa refu kuliko tulivyotaka kuamini, ni la waliokwama kwenye neno au silabi. Miongoni mwao walikuwamo wa darasa la sita wenye mwandiko mzuri kabisa, ambao kwa miaka yote wamenakili ubaoni kwa uaminifu bila kujua wanachokinakili. Yule mzazi anayesimama nyuma kila Januari alikuwa anasema kweli, na alikuwa anawasemea wengi.

Kila fungu linahitaji kitu tofauti, na ndiyo maana kura ya kikao peke yake haitoshi kuchagua.

Chakula kikiwekwa kando ya tuisheni

Nianze na chakula kwa sababu ndicho ninachokijua kwa mikono yangu. Tuliamua kila mtoto kilo 20 za mahindi na kilo 6 za maharage kwa mwaka, pamoja na Sh 8,000 za mpishi, chumvi na mafuta. Ukigawa kwa siku 194 inatoka kama gramu 100 za mahindi na gramu 30 za maharage kwa siku: sahani moja ya makande ya kumshikilia mtoto mpaka arudi kwao. Mahindi yalikuwa Sh 800 kilo, maharage Sh 2,500, kwa hiyo jumla ni Sh 39,000. Lakini mkulima halipi Sh 39,000. Anatoa debe moja na kidogo mwezi wa Julai ghala likiwa limejaa, na hapo ndipo chakula kinapoishinda tuisheni kwa familia maskini, maana tuisheni inadai sarafu kila asubuhi, pamoja na asubuhi za Februari ambazo nyumbani hata chumvi ni ya kukopa.

Kinafanya kazi? Watafiti waliwahi kugawa uji wa bure katika shule za awali za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya. Mahudhurio yalipanda kwa takriban asilimia 30 yakilinganishwa na shule ambazo hazikupata. Habari hiyo nzuri ilikuja na onyo: upishi ulikula muda wa kufundisha, na alama za watoto zilipanda pale tu ambapo mwalimu tangu awali alikuwa amefundwa vizuri. Chakula humleta mtoto na kumfumbua macho, kisha lazima awepo wa kumfundisha.

Onyo hilo tulilikuta na sisi. Muhula wa kwanza watoto walikuwa wakileta kuni na kuteka maji saa ya kipindi cha tatu, na foleni ya sahani ilimeza karibu saa nzima. Tulibadilisha mambo manne. Wazazi walipangiwa zamu ya kuni na maji kwa kitongoji, siyo watoto. Mpishi alianza kuwasha moto saa moja asubuhi. Madarasa ya chini yalitangulia kula, ya juu yakifuata wakati wa chini wamerudi darasani. Na stoo iliwekewa kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu wa zamu na mwingine kwa mama mmoja wa kamati, huku mzani ukining'inia mlangoni na daftari likisainiwa na wote wawili. Mahindi yaliyopungua bila maelezo katika mwaka wa kwanza yalikaribia kuua mpango wote. Wazazi huvumilia njaa kuliko wanavyovumilia kuibiwa, na nawaelewa.

Kuna jambo la tano ambalo bado linaniuma. Mwanzoni tuliwapanga watoto ambao wazazi wao hawajatoa wakae pembeni wakati wenzao wanakula. Tulidhani tunawashinikiza wazazi. Wiki ya pili watoto hao walianza kutoroka saa nne ili wasionekane. Tulikuwa tumenunua utoro kwa mahindi yetu wenyewe. Sasa wote wanakula. Asiye na mahindi analeta kuni, au anachimba shimo la taka, au anafanya zamu mbili za maji, na mwenyekiti wa kitongoji ndiye anayekwenda kuzungumza naye nyumbani, watu wazima kwa watu wazima.

Sasa tuisheni. Sitaki ionekane sina shukrani kwa walimu wanaobaki jioni, maana najua wengine wanabaki kwa moyo na hawatozi chochote. Kwa mtoto wa darasa la saba anayesoma vizuri, anayehitaji mazoezi ya hisabati na mtu wa kumsahihisha, saa moja na nusu ya ziada ina thamani. Mwanangu wa kwanza ilimsaidia sana kwenye sehemu na asilimia.

Lakini tuisheni nyingi hurudia somo lilelile, kwa kasi ileile, kwa mtoto yuleyule ambaye asubuhi hakuelewa. Mtoto aliyekwama kwenye silabi hapati silabi jioni, anapata maswali ya mtihani uliopita. Analipiwa Sh 500 ili anakili tena. Pili, inapolipiwa, kuna hatari ambayo wazazi wengi tumeinusa: mada inaachwa nusu asubuhi, nusu nyingine inasubiri wenye hela. Kenya waliona uzito wa jambo hili mpaka sheria yao ya elimu ya msingi ya 2013 ikapiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo. Tatu, jua linazama. Binti wa kitongoji cha mbali akitoka saa kumi na mbili kasoro anatembea peke yake katikati ya mashamba, na kwetu hilo si jambo la kulipitia juu juu. Tuisheni ikianzishwa, iwe na orodha ya nani anaongozana na nani, na mtoto wa mbali aruhusiwe kwanza.

Kundi la kusoma

Hili ndilo lisilokuwa kwenye ajenda ya mtu yeyote, na ndilo ningelipigania kuliko yote.

Wazo lenyewe limekomazwa na Pratham, shirika lililoanzia Mumbai mwaka 1995. Watoto wa darasa la tatu, la nne na la tano wanachanganywa, kisha wanagawanywa kwa kiwango chao cha kusoma na siyo kwa darasa wala umri. Waliokwama kwenye silabi wanakaa pamoja na kufundishwa silabi; wenye maneno wanafundishwa kuyaunganisha kuwa sentensi. Kila wiki chache wanapimwa, na aliyevuka anahamia kundi la juu. Huko India kambi fupi za namna hii, za siku 40 hadi 50 za masomo, ziliwapandisha watoto kusoma kwa kiasi ambacho ni nadra kuonekana katika tafiti za elimu.

Kwetu tulichukua vijana wawili waliomaliza kidato cha nne, wanaongoja kujua mustakabali wao. Kila mmoja alipewa watoto 20, siku nne kwa wiki, saa moja mara tu baada ya chakula cha mchana. Posho ilikuwa Sh 40,000 kwa mwezi kwa kila kijana. Ukigawa kwa watoto 40 ni Sh 2,000 kwa mtoto kwa mwezi, na kadi za silabi tulizikata kutoka kwenye maboksi ya sabuni. Mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye kwa maoni yangu ndiye mwalimu mwenye ufundi mgumu kuliko wote shuleni, aliwaelekeza vijana kwa siku mbili na akawa anapita kila Ijumaa kuwasikiliza.

Baada ya awamu ya kwanza wengi waliokuwa kwenye silabi walikuwa wanasoma maneno, na waliokuwa kwenye maneno walikuwa wanahangaika na aya na kuipita. Wachache hawakusogea. Hao tuliwatazama kwa karibu, na kati yao wawili walikuwa hawaoni vizuri. Kwa miaka minne walikuwa wameketi nyuma kwa sababu ni warefu. Mmoja alipopata miwani hospitali ya wilaya alisema ubao una mistari, hakujua.

Udhaifu wa kundi la kusoma upo, na lazima usemwe. Wa kwanza ni mahudhurio. Wilaya ya Jaunpur huko India, watu wa kujitolea waliendesha madarasa ya kusoma vijijini. Waliohudhuria walisogea waziwazi, lakini walikuwa chini ya mtoto mmoja katika kila kumi. Kundi linalofanyika mbali na shule, saa ya kuchunga au ya kuchota maji, litabaki na watoto wasiolihitaji. Ndiyo maana la kwetu tulilibandika kwenye muda wa shule, baada ya chakula, na mkuu wa shule alilikubali kwenye ratiba. Wa pili ni aibu. Kijana wa darasa la sita hataki kuonekana amekaa na wa darasa la tatu. Tuliacha kuliita kundi la wasiojua kusoma, ambalo ndilo jina lililokuwa likitumika bila mtu kufikiri, tukayaita makundi kwa majina ya mito: Mgeta, Wami, Ruvu. Wa tatu ni vijana wenyewe. Mmoja alipata kibarua mjini katikati ya awamu akaondoka. Muwe na wa akiba.

Jaunpur ilitoa funzo jingine linaloihusu kila kamati. Vijiji vingine vilipewa mikutano tu: watu waliitwa, wakaelezwa haki zao na hali ya shule, wakajadiliana. Haikubadilisha chochote, wala katika ushiriki wa wazazi, wala katika kusoma kwa watoto. Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka vikao vyetu vingapi vimekwisha kwa kauli ya wazazi tushirikiane, na kila mtu akarudi nyumbani bila kujua kesho saa ngapi afanye nini.

Mengine yanayopendekezwa sana

Vitabu. Mfadhili akija, hutaka kununua vitabu, na picha hupendeza. Lakini kulekule magharibi mwa Kenya shule zilipopewa vitabu vya kiada, walionufaika ni wale waliokuwa mbele tayari. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao, na viliandikwa kwa mtoto ambaye hakuwamo darasani. Miaka mingi baadaye, mwaka 2015, Kenya ilianza mpango wa Tusome kwa madarasa ya chini: kila mtoto na kitabu chake kinacholingana na uwezo wake, cha Kiswahili na cha Kiingereza, mwalimu akiwa na mwongozo wa kila kipindi na mtu wa kumtembelea darasani. Huko kusoma kulipanda. Kwa hiyo mfadhili akiuliza, mwambieni vitabu vyembamba vya hadithi za Kiswahili vyenye herufi kubwa, na visifungiwe kabatini.

Bweni na kambi. Wazazi wenye uwezo huwapeleka watoto bweni wakiwa wadogo sana. Mwaka 2013 ningefanya hivyo ningekuwa na fedha, na leo nashukuru sikuwa nazo. Machi 2023 serikali ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na mimi naunga mkono. Kambi ya darasa la saba kabla ya mtihani ni jambo tofauti: ni ya muda mfupi, na inamwokolea mtoto muda wa njia. Iwe na matroni usiku, au isiwepo.

Umbali. Hapa jamii ina nguvu kuliko shule na familia. Mtoto wa miaka mitano hawezi kutembea kilomita sita kwenda na sita kurudi, na wengi huanza shule wakiwa na miaka minane au tisa kwa sababu hiyo tu. Vijiji vimejenga vituo shikizi, madarasa mawili matatu karibu na kitongoji kwa ajili ya awali hadi darasa la pili, na baada ya mkopo wa Sh trilioni 1.3 wa kipindi cha UVIKO-19 serikali ilijenga madarasa 3,000 katika vituo vya aina hiyo. Kijiji chenye kitongoji cha mbali kisipoteze muda kujadili tuisheni. Kianze na tofali.

Dakika ishirini za nyumbani

Nimeziweka mwisho wa ulinganisho lakini hazishindani na chochote, maana hazitoki kwenye mfuko ule. Wazazi wengi husema, "Mimi sikusoma, nitamsaidiaje?" Mama yangu mwenyewe hakusoma. Kila jioni aliniambia, "Nisomee ulichoandika leo," akakaa anasikiliza huku anachambua mchele. Hakujua kama nimekosea, lakini alijua nikisita, na nikisita aliniambia nirudie. Hiyo ni kazi ambayo hakuna tuisheni inayoifanya: mtoto mmoja, msikilizaji mmoja, bila haraka.

Mpeni mtoto asome ujumbe wa muamala kwenye simu na atoe hesabu ya salio. Asome maandishi kwenye pakiti ya mbegu na chupa ya dawa. Atumwe dukani na arudi na maelezo ya chenji. Bibi atege vitendawili. Mtoto anayejibu "Tega!" kila usiku anakuja shuleni na maneno mengi kichwani, na mwenye maneno mengi hushika kusoma haraka. Kwa familia zinazozungumza Kigogo, Kimasai au Kisukuma nyumbani, hadithi za lugha hiyo ziendelee, na ziongezwe za Kiswahili kabla ya darasa la kwanza, maana mtoto anayekutana na Kiswahili siku ileile anayokutana na herufi amepewa mizigo miwili kwa wakati mmoja. Mkague daftari pia. Msipoona wino mwekundu kwa wiki mbili, nendeni mkamwone mwalimu, kwa heshima, na muulize. Huenda ana watoto 90 darasani wakati kiwango ni 45, na hapo mtakuwa mmejua tatizo jingine la kupeleka kwa afisa elimu kata.

Kazi za nyumbani nazo zitazamwe. Kuchota maji na kulea wadogo ni sehemu ya malezi yetu na sizipingi. Ila binti akipewa zote na kaka yake akaachwa na mpira, mwisho wa mwaka msishangae nani kafeli.

Mkichagua

Hapa Tanzania, mwaka 2013 na 2014, mpango wa KiuFunza ulijaribiwa katika shule 350. Baadhi zilipewa ruzuku ya ziada ya Sh 10,000 kwa mwanafunzi. Nyingine hazikupewa ruzuku, ila walimu waliahidiwa bakshishi kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la kusoma au kuhesabu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikupandisha alama za watoto. Vilipounganishwa, alama zilipanda wazi, kuliko jumla ya kila kimoja kikiwa peke yake. Naisoma hivi: kitu kinachonunuliwa hakifundishi mpaka mtu fulani awe na sababu na njia ya kukitumia kwa mtoto anayemjua kwa jina.

Kwa hiyo kama karatasi ya aya itaonyesha kwamba wengi wa darasa la nne na kuendelea wanasoma, na shule iko mjini ambako watoto wanakula kwao na wanakaa karibu, chagueni masomo ya jioni kwa darasa la saba, ya bure au ya mchango unaomlinda asiye nacho, na msione haya. Kama watoto wanakosa siku nyingi na wanatoka mbali, anzeni na makande kabla ya mavuno hayajauzwa, maana baada ya Septemba nafaka itakuwa imekwenda kwa walanguzi. Na kama fungu la waliokwama kwenye silabi ni refu, kama lilivyokuwa kwetu, wekeni kundi la kusoma hata kama hamna fedha ya kitu kingine chochote. Shule ndogo yenye watoto 40 wa kuinuliwa inahitaji Sh 80,000 kwa mwezi. Wazazi 80 wakitoa Sh 1,000 kila mmoja, imepatikana, na hiyo ni bei ya tuisheni ya siku mbili.

Sisi tulichukua chakula na kundi la kusoma kwa pamoja, tukaiacha tuisheni kwa darasa la saba peke yake, kuanzia Juni hadi mtihani. Januari ijayo karatasi itatangulia kikao kwa wiki mbili. Kila mzazi ataingia ukumbini akiwa na kipande chenye neno moja kuhusu mwanawe, silabi, neno, aya au hadithi, na yule wa nyuma atapewa nafasi ya kuzungumza wa kwanza.